Shule ya Marekani au Klabu ya Ujerumani? Ulinganisho kwa Chipukizi wa Mpira wa Magongo

Mwezi wa Februari, wiki chache baada ya matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, kutangazwa, mama mmoja alinifuata uwanjani hapa Trans Nzoia akiwa na karatasi mbili alizozichapisha mjini Kitale na kuzifunga kwenye ncha ya leso. Ya kwanza ilikuwa barua pepe ya kocha wa timu ya wanawake ya chuo kikuu kimoja cha Pennsylvania, na ya pili ilitoka kwa katibu wa klabu moja ya kitongoji cha Hamburg. Binti yake, kiungo wa kati niliyemfundisha tangu kidato cha kwanza, alikuwa ametakiwa na pande zote mbili katika juma moja. Mama akazilaza karatasi juu ya benchi, akazikandamiza kwa kiganja zisipeperuke, kisha akaniuliza: "Mwalimu, kati ya hizi, ipi ni shule na ipi ni kazi?"

Nimeulizwa jambo hilo na wazazi wengine tangu siku ile, kwa maneno tofauti, na sijasikia aliyeliuliza vizuri kuliko mama yule. Watu wengi hulinganisha nchi: wapi baridi ni kali, wapi ligi ina jina, wapi kuna jamaa wa kumpokea mtoto uwanja wa ndege. Mimi hulinganisha malipo. Marekani, kucheza kwa binti ndiko kunakomlipia karo, na mwisho wa safari ni shahada. Ujerumani, kucheza kwake humfungulia mlango wa klabu, lakini chakula, kitanda na kibali cha kukaa huvipata kwa kazi anayoifanya mchana, na gongo hulishika jioni. Njia zote mbili ni halali, na zote zimewafaa watu ninaowajua. Taabu huanza pale familia inapoingia katika moja ikidhani imeingia katika nyingine.

Kabla ya kuendelea, wavulana niwatoe katika nusu ya ulinganisho huu. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, kina mashindano ya magongo ya wanawake peke yake. Mashindano yake ya wanaume hayapo, kwa hiyo hakuna ufadhili wa magongo kwa mvulana, hata awe fundi kiasi gani wa kona fupi. Mtu akimwahidi mwanao nafasi hiyo, ama hajui anachokisema au anakijua vizuri mno. Tena Mmarekani akisikia neno hoki hufikiria kwanza mchezo wa barafuni, hivyo hata binti anayejaza fomu za vyuo hana budi kuandika field hockey, maneno yote mawili, la sivyo barua yake itaangukia meza isiyomhusu. Kwa mvulana njia iliyobaki ni Ulaya, na kwa asiye na jina, Ujerumani ndiyo iliyo wazi zaidi. Huniuma kidogo ninapolisema hilo, kwa kuwa katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, Kenya ya nahodha Avtar Singh Sohal ilimaliza ya nne, mbele ya Ujerumani Magharibi na Uholanzi, na leo tunawaombea vijana wetu nafasi katika timu za akiba za nchi hizo hizo.

Karo inayolipwa kwa gongo

Barua ya Pennsylvania ilikuwa fupi na yenye adabu. Kocha alieleza kwamba ameitazama video ya binti, amependa jinsi anavyogeuka na mpira akiwa amebanwa, na yuko tayari kumpa ufadhili wa dola 38,000 kwa mwaka. Mama alikuwa ameipigia mstari sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, na nilimwelewa, kwa maana ni zaidi ya shilingi milioni nne na laki tisa. Aya iliyofuata, ambayo haikuwa na mstari, ilisema kwamba gharama kamili ya mwaka, yaani karo, malazi, chakula, bima na vitabu, ni dola 61,000. Tukachukua simu tukatoa. Pengo lilikuwa dola 23,000, ambazo kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni karibu milioni tatu, kila mwaka, kwa miaka minne. Mama huyu alikuwa amekwisha kuanza kupanga harambee, lakini ilikuwa harambee ya tiketi ya ndege. Wala si jambo la kusema tutaliona tukifika, kwa sababu pengo hilo huandikwa waziwazi katika fomu ya I-20 ambayo chuo humpa mwanafunzi, na ofisa wa viza huuliza fedha za kuliziba ziko wapi.

Barua nyingi za magongo huja katika sura hiyo, na sababu yake ni hesabu za timu yenyewe. Kwa miaka mingi timu ya daraja la kwanza, lililo juu kati ya madaraja matatu ya NCAA, iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili usiozidi 12, na kocha mwenye wachezaji 25 aliukatakata vipande ili kila mmoja apate chochote. Katika daraja la pili kikomo ni 6.3, na vipande huwa vidogo zaidi. Maafikiano ya kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA, yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, yaliondoa kikomo hicho kwa vyuo vya daraja la kwanza vilivyojiunga nayo, na badala yake yakaweka kikomo cha idadi ya wachezaji, ambacho kwa magongo ni 27. Wapo waliodhani kwamba sasa kila mchezaji atalipiwa kila kitu. Kuondolewa kwa kikomo hakukuongeza bajeti, na fedha mpya ambazo vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja zinakwenda zaidi kwa mpira wa Kimarekani na mpira wa kikapu. Hata zikifika kwenye magongo, mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hawezi kuzipokea kirahisi, kwa kuwa viza hiyo hubana sana kazi ya malipo.

Kuna mlango mwingine ambao makocha wenzangu wengi huupita bila kuutazama, labda kwa sababu haujaandikwa neno ufadhili wa michezo. Vyuo vya daraja la tatu haviruhusiwi kutoa fedha kwa ajili ya michezo, na vile vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe vya kaskazini-mashariki mwa Marekani, vimekubaliana visitoe. Lakini baadhi ya vyuo hivyo ni tajiri mno, na hulipa gharama za mwanafunzi kulingana na uwezo wa nyumbani kwao. Princeton, mabingwa wa taifa wa daraja la kwanza mwaka 2012, huwapokea hata wanafunzi wa nje bila kuangalia mfuko wa mzazi, kisha humpa aliyekubaliwa msaada wa kuziba upungufu wote. Harvard hufanya hivyo pia, na katika daraja la tatu wapo Amherst na Bowdoin. Kwa binti wa mkulima mdogo wa mahindi aliyepata A au A ya kutoa, mlango huo unaweza kumgharimu mzazi kidogo kuliko mwaka mmoja wa shule ya bweni hapa nchini. Kocha wa huko hana fedha za kugawa. Anachoweza ni kumwombea mchezaji nafasi katika ofisi ya udahili, na maombi yake huwa na uzito pale alama zinapojitosheleza. Hapo ndipo gongo na kitabu hufanya kazi pamoja, na ndiyo maana huwaambia wasichana wangu kwamba saa ya hesabu ni sehemu ya mazoezi. Hawapendi kusikia.

Kwa vyuo vya kawaida masharti ni mepesi zaidi kuliko watu wanavyodhani. NCAA huchunguza vyeti vya sekondari na hadhi ya kuwa mchezaji wa ridhaa kupitia kituo chake cha usajili. Mtihani wa SAT, ule wa kuingilia vyuo vya Marekani, chama chenyewe kiliacha kuudai mwaka 2023, ingawa baadhi ya vyuo bado huutaka kwa udahili wao. Mwenye B katika KCSE kwa kawaida anapita. Kinachowaangusha wengi ni muda, nami nitaurudia mbele.

Maisha ya huko yana mpangilio mkali. Msimu huanza mwishoni mwa Agosti na kwisha Novemba, mechi 17 au 18 hivi kabla ya mtoano, na kanuni huruhusu saa 20 za michezo kwa wiki na siku moja ya mapumziko. Makocha ni waajiriwa wa kudumu. Kuna mtaalamu wa viungo, mchambuzi wa video, chumba cha mazoezi ya nguvu, na uwanja wa nyasi bandia unaomwagiwa maji kabla ya kila mechi. Mchezaji wetu aliyezoea uwanja wa murram, ambako mpira hudunda hata kwenye kokoto, huchukua majuma kadhaa kuizoea kasi hiyo. Pia hatakuwa mgeni peke yake, maana makocha wa Marekani huwatafuta Waholanzi, Wajerumani na Waajentina kwa bidii, na hao ndio atakaoshindana nao kwa nafasi. Daraja la juu ni la juu kweli. North Carolina ilifikisha ubingwa wake wa 11 mwaka 2023 chini ya Erin Matson, aliyekuwa na miaka 23 na aliyekuwa ameichezea timu hiyo hiyo mwaka uliotangulia.

Jambo moja la kumtuliza mzazi ni kwamba tangu Agosti 2024 chuo cha daraja la kwanza hakiruhusiwi kumnyang'anya mchezaji ufadhili kwa sababu kiwango chake kimeshuka au ameumia, na kinawajibika kwa matibabu ya majeraha ya michezo hadi miaka miwili baada ya yeye kumaliza. Jambo la kumsumbua ni likizo. Mabweni mengi hufungwa Krismasi na majira ya joto, na mwanafunzi wa F-1 haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali maalumu, huku ndani ya chuo kazi ikiwa na kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Anayesema "ufadhili kamili" aulizwe Mei hadi Agosti binti atalala wapi na atakula nini.

Mchana kazi, jioni gongo

Barua ya Hamburg ilikuwa na kurasa tatu, kwa Kijerumani na Kiingereza kibovu kidogo, na haikumsifu binti hata mara moja. Ilisema klabu inatafuta kijana wa kufanya FSJ, yaani Freiwilliges Soziales Jahr, mwaka wa kujitolea ambao sheria ya Ujerumani huuruhusu kwa vijana ambao hawajatimiza miaka 27, na ambao mashirika ya michezo hutumia sana. Ilitaja chumba kwa familia ya mwanachama, chakula, tiketi ya usafiri ya mwezi, bima zote za lazima, na yuro 400 za mfukoni. Upande wa pili ilitaja saa 38 za kazi kwa wiki na siku 25 za semina kwa mwaka. Mama aliisoma akashusha pumzi, kwa sababu hakukuwa na namba kubwa ya kupigia mstari. Mimi niliipenda zaidi, kwa sababu kila kilichoandikwa kilikuwa kimehesabiwa.

Wiki yenyewe huenda namna hii, nikifuata masimulizi ya mvulana niliyempeleka njia hiyo kabla yake. Asubuhi huwa katika shule ya msingi ya jirani akisaidia somo la michezo. Saa tisa alasiri huwa klabuni, akitoa koni kwenye stoo na kupanga magoli madogo kwa watoto wa miaka sita na saba, ambao humrekebishia matamshi yake bila huruma. Watoto wakiondoka huja wakubwa kidogo, kisha wakubwa zaidi, na zamu yake mwenyewe ya kufanya mazoezi hufika saa moja na nusu jioni, wakati miguu imekwisha kuchoka. Novemba maji ya uwanjani huganda pembezoni na mkono wa kushoto, ulio juu ya gongo, hufa ganzi ndani ya glavu. Kocha wake alikuwa mtu wa benki aliyekuja na begi la kazini. Huko ndiko kucheza kwa daraja la tatu au la nne, na aliyeahidiwa zaidi ya hapo asome barua yake upya.

Maana ligi ya juu ya Ujerumani, Bundesliga, ni ya wachezaji walioanza wakiwa na umri wa wale watoto wa alasiri. Hamburg peke yake ina klabu za hadhi hiyo kama Der Club an der Alster, Uhlenhorster na Harvestehuder, na mhitimu wa kidato cha nne kutoka Kenya kwa kawaida huanza timu ya pili au ya tatu ya klabu ya kawaida. Faida yake ni kwamba ngazi imesimama papo hapo: klabu moja ina timu kadhaa za watu wazima, na anayecheza vizuri Jumamosi huitwa timu ya juu bila kuhama nyumba. Faida nyingine ni miezi ya kucheza. Msimu wa nje huenda Septemba na Oktoba, hurudi Aprili hadi Juni, na katikati yake, Desemba hadi Februari, Wajerumani huhamia ndani ya ukumbi. Magongo ya ndani ni mchezo wa wachezaji sita kila upande, wenye mbao pembeni za kuugongeshea mpira, na hairuhusiwi kupiga kwa kuinua gongo. Mpira husukumwa tu. Vijana wetu, ambao wengi hutegemea pigo la nguvu kwa sababu viwanja vyetu haviruhusu pasi laini, hujifunza ndani ya baridi moja kile nilichoshindwa kuwafundisha kwa miaka minne. Hilo nalisema bila haya.

FSJ kwa kawaida ni ya miezi 12 na ni nadra kuzidi 18. Kwa hiyo swali la kweli la Ujerumani ni la mwezi wa kumi na tatu. Njia ya chuo kikuu ipo, na karo katika vyuo vingi vya umma karibu haipo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Lakini mwenye KCSE peke yake mara nyingi hutakiwa kupita kwanza mwaka wa maandalizi, Studienkolleg, na viza ya masomo humtaka aweke yuro 11,904 katika akaunti maalumu, takriban shilingi milioni 1.8 kwa kiwango cha shilingi 150 kwa yuro. Fedha hizo ni zake, hurudishiwa yuro 992 kila mwezi, ila lazima ziwepo zote siku ya kwanza. Njia ambayo wengi wa vijana wetu huifuata ni Ausbildung, mafunzo ya kazi yanayolipwa, hasa uuguzi, ambako mwanagenzi hupata zaidi ya yuro elfu moja kwa mwezi tangu mwaka wa kwanza. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi Septemba 2024, na mlango huo umezidi kuzungumzwa. Ufunguo wake ni lugha. Mwenye cheti cha B1 cha Kijerumani, yaani ngazi ya kati, kutoka Nairobi kabla ya kupanda ndege huwa na mwaka mwepesi kuliko mwenye A1, ngazi ya kwanza kabisa, aliyejifunza kwa simu.

Wengine huingia kama au pair, kulea watoto kwa familia kwa saa zisizozidi 30 kwa wiki na yuro 280 za mfukoni. Inawezekana kucheza hivyo, lakini ratiba yako iko mikononi mwa mama mwenye nyumba, na mechi ya Jumapili asubuhi hugongana na kifungua kinywa cha watoto. Ningeichukua kama njia ya tatu. Uholanzi, wenye wanachama zaidi ya laki mbili wa chama cha magongo na mabingwa wa Olimpiki wa Paris 2024 kwa wanawake na wanaume, ni ndoto ya kila mchezaji, lakini vibali vyake kwa mchezaji asiye na jina ni vigumu. Uingereza nayo mwanafunzi anaweza kuchezea klabu kwa ridhaa, bali karo ya mgeni huko ni mzigo usio na gongo la kuubeba.

Muda, na timu ya taifa

Nimesema nitaurudia muda. Kanuni ya daraja la kwanza la NCAA iliyotumika kwa miaka mingi humpa mhitimu mwaka mmoja wa neema baada ya kumaliza sekondari. Akipita hapo huku akicheza ligi yoyote rasmi, kila mwaka humpunguzia msimu mmoja kati ya minne aliyo nayo. Anayemaliza KCSE Novemba na kuanza chuo Agosti inayofuata yuko salama. Anayekwenda Hamburg kwanza, akacheza misimu miwili, kisha akakumbuka Marekani, atakuta nusu ya thamani yake kwa kocha imekwisha kuyeyuka. Kanuni hizi hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo ofisi ya kanuni ya chuo husika iulizwe kwa maandishi. Mkondo wa jambo, hata hivyo, haujabadilika: kutoka Marekani kwenda Ulaya ukiwa na shahada na miaka 22 ni rahisi, na klabu zitakupokea kwa furaha, ilhali kurudi nyuma kutoka Ulaya kwenda chuo cha Marekani ni kupanda mlima. Kwa hiyo aliye na sifa za njia zote mbili aanze na ile inayofungwa mapema.

Kwa mwenye ndoto ya timu ya taifa kuna mgongano ambao haumo katika barua yoyote. Mashindano makubwa ya Afrika ya miaka ya karibuni yameangukia katikati ya msimu wa vyuo: kufuzu Olimpiki kulichezwa Pretoria kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba 2023, na Kombe la Mataifa la Afrika lilikuwa Ismailia, Misri, Oktoba 2025. Kocha wa Marekani aliyemlipia mchezaji dola elfu arobaini hatamwachia kwa urahisi wiki mbili za Oktoba. Klabu ya Ujerumani ya daraja la chini humwachia, ila humwuliza nani atawafundisha watoto.

Kuhusu makaratasi, mchezaji anayehamia klabu ya nje huhitaji barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka chama cha nchi yake, kwa upande wetu Kenya Hockey Union, na ni vyema iombwe kabla ya viza. Kuhusu mawakala, kanuni za NCAA humkataza mtu kujilipa asilimia ya ufadhili wa mchezaji. Nilimjua mzazi aliyemlipa mtu mmoja elfu themanini kwa "fomu ya ahadi ya kitaifa", fomu ya mchezaji kujifunga na chuo ambayo NCAA ilikuwa imeifuta Oktoba 2024. Fomu yenyewe ilikuwa nzuri, ina nembo na nafasi mbili za sahihi.

Kwa hiyo, nikiambiwa nitoe hukumu bila kuzungukazunguka: msichana mwenye A au A ya kutoa aombe vyuo tajiri vya Marekani kwanza, hata kama kocha wa huko hajamwandikia. Msichana mwenye B aende Marekani ikiwa ufadhili unafika asilimia 90 ya gharama yote, na nyumbani kuna wa kuziba iliyobaki bila kuuza shamba. Chini ya hapo, Ujerumani ni salama zaidi, kwa masharti kwamba anajua anakwenda kufanya kazi. Mvulana aanze Kijerumani kidato cha tatu.

Binti wa mama yule alikuwa na B. Tulimwandikia kocha wa Pennsylvania tukamweleza hali ya nyumbani ilivyo, naye akajibu baada ya siku nne kwamba anaweza kufika dola 42,000 na hapo ndipo mwisho wake. Pengo lilibaki dola 19,000, karibu shilingi milioni mbili na nusu kwa mwaka. Tukashukuru. Aliondoka Septemba kwenda Hamburg, akijua kwamba mlango wa Marekani anaufunga nyuma yake, na gongo lake likiwa bado limezungushiwa utepe mweusi wa umeme tulioununua dukani Kitale. Picha aliyonitumia mwisho inamwonyesha amechuchumaa akimrekebishia mtoto mkono wa kushoto. Mkataba wake unaisha Agosti, na ameomba nafasi ya Ausbildung ya uuguzi katika mji huo huo ili abaki na timu yake, ambayo kwa sasa ni ya pili.

Mama alipita tena uwanjani juzi, akiwa na karatasi moja ndani ya leso, akataka kujua kama hiyo Ausbildung ni shule au ni kazi. Nikamwambia safari hii ni vyote viwili.